Mtani Anayeshikia

Injini ilikuwa haijapata moto sawasawa, na Frasia Kihwele alikuwa ameshatukanwa.

"Kamwene, mtumwa wangu," sauti ilisema kwenye hedfoni, ikilivuta lile neno la Kihehe kwa makusudi. "Au bado uko mezani? Leo mmechinja mbwa yupi, yule mweusi au yule wa jirani?"

"Yule aliyekuwa anawamaliza panya wenu wa mboga," Frasia akajibu huku akifunga mkanda. "Nimewaonea huruma. Wangoni mngelala njaa."

Ndivyo zilivyoanza asubuhi zao zote kwa miaka sita. Yeye akiwa kwenye kituo cha mlimani Udzungwa, kibanda kimoja cha bati, tangi la mafuta na ukungu usiokuwa na adabu, unaoingia ndani bila hodi. Kastori Tawete akiwa Songea, kwenye uwanja wenye majani mafupi, hospitali ikiwa ng'ambo ya seng'enge. Hawakuwahi kuonana. Likizo zao ziliangukia siku zilezile, kwa kuwa mmoja hakuweza kufanya kazi bila mwenzake, na kila mara Frasia alijiambia kwamba safari hii atakwenda Songea, kisha akaishia kwa dada yake Iringa. Ukweli ni kwamba aliogopa. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha na kumlaza, na mtu mwenye sauti moja tu duniani haendi kuichezea.

Wahehe na Wangoni walipigana enzi za mababu mpaka wakachoka, wakayageuza mapigano kuwa utani. Tangu hapo Mngoni akikuta kofia ya Mhehe ataivaa aondoke nayo, na Mhehe akikuta msiba wa Mngoni ataingia bila kualikwa, acheke pale wengine wanapolia, alale ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka akombolewe. Wakubwa wa Huduma ya Anga waliwaoanisha wawili hawa wakilijua hilo. Walikuwa wamegundua, kwa gharama, kwamba marubani pacha wanaoheshimiana sana huanguka, kwa sababu mmoja huona haya kumwambia mwenzake kwamba anakosea. Watani hawana haya. Basi ikawa ndio utaratibu: Msukuma akapewa Mzaramo, Mpare akapewa Mchaga, na Frasia akapewa Mngoni.

Asubuhi hiyo wito ulitoka Lugoda, kijiji kilichobaki juu ya mgongo wa mlima baada ya mvua za miaka ile kuzifuta barabara zote. Mwanamke mmoja, Yudita Mhema, alikuwa amejifungua alfajiri na damu ilikataa kukatika. Frasia ndiye wa kumchukua, maana yuko karibu. Kastori ndiye wa kushikia.

"Leo nikishikia nitakufa, mtani," Kastori akasema. "Kifua kimekaa vibaya."

"Kufa tu. Nitakuja nilale kaburini mwako, na sitoki kwa kuku mmoja."

Kastori akacheka. Kicheko kilikuwa kifupi, lakini nani anapima urefu wa kicheko asubuhi, injini ikinguruma?

"Tatu," Frasia akasema.

"Mbili," akaendelea mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi yao.

"Moja," akajibu Kastori, na helikopta mbili zikanyanyuka kwa pamoja, moja Udzungwa na nyingine Songea.

Kila helikopta huzaliwa na ugomvi. Mapanga yake makubwa yakizungushwa kwenda kulia, mwili nao unataka kuzunguka kwenda kushoto, kama mtu anayekaza parafujo akiwa amesimama juu ya utelezi. Wazee wa kazi hii waliumaliza ugomvi huo kwa pangaboi dogo la mkiani lililosukuma mkia upande wa pili. Lilifanya kazi, lakini lilikula nguvu za injini, na siku mbaya lilikula watu. Wengine wakaweka mapanga seti mbili, ya juu ikienda huku na ya chini ikienda kule. Wengine wakapuliza hewa ndani ya mkia ulio wazi kama filimbi, wengine wakafunga mioto kwenye ncha za mapanga yenyewe ili yajisukume. Frasia alikuwa amejifunza kuzirusha zote. Kila moja ilikuwa na bei yake, na kule juu, hewa ilipokuwa nyepesi na machela mbili zikiwa ndani, bei hiyo ilikuwa ni kushindwa kuvuka mlima.

Ndipo kikaja kitovu. Nyuma ya kiti cha Frasia, chini ya mhimili wa mapanga, kilikaa chuma cheusi ukubwa wa sufuria ya ugali. Kiliyeyushwa katika chungu kimoja na cha Kastori, vikaachanishwa vikiwa bado vya moto, na tangu siku hiyo msokoto, ile nguvu ya kuuzungusha mwili, uliokigusa kimoja ulikigusa na kingine, umbali wowote. Mapanga ya Frasia yalikwenda kulia, ya Kastori kushoto. Ugomvi wa mwili mmoja uliliwa na ugomvi wa mwili mwingine, na mkia haukuhitaji kitu. Ulikuwa mkia mtupu, mwembamba, wa kupambia tu.

Sharti lilikuwa moja, nalo halikuwa na msamaha: mmoja akiwa angani, mwingine awe angani. Asiye na mgonjwa hupanda urefu wa mkaratusi juu ya uwanja wake, akae pale akining'inia, mikono ikipokea kila badiliko la mwenzake. Walijaribu kuiachia kompyuta, ikawa inachelewa kidogo tu, na kidogo hicho kiliua watu wanne. Kazi ikarudishwa kwa mikono ya watu, ikaitwa kushikia. Nusu ya maisha yao ya kazi ilikuwa hiyo: kukaa hewani bila kwenda popote, kwa ajili ya mtu usiyemwona.

Mbele ya Frasia palikuwa na mshale mdogo ulioonyesha jinsi msokoto unavyogawanywa. Kwa wageni ulikuwa mshale tu. Yeye alikuwa ameshajifunza kumsoma Kastori humo, akajua siku aliyolala vibaya, siku aliyopata habari njema, siku ya maziko ya mama yake, ambayo mshale ulitulia kupita kiasi mpaka Frasia akalia bila kuambiwa.

Frasia alipotua Lugoda, Kastori naye alitua Songea. Mkunga wa kijiji, Lukresia, alimpandisha Yudita kwenye machela akiwa ameloa mpaka kwenye soksi, mtoto akabaki kwa bibi yake. Lukresia alikuwa na mkono mmoja tumboni mwa yule mama, akikandamiza, na hakuuondoa hata alipokuwa anapanda ngazi.

"Uko tayari?" Frasia akauliza redioni.

"Mtani, hiki kifua."

"Ni panya wa jana. Ulimla na mkia."

"Ule mkia ulikuwa mtamu," Kastori akasema, na Frasia akahesabu, na wakapanda.

Chini yao msitu ulifunga, mti kwa mti, mabonde yenye kiza hata mchana. Kutoka Lugoda hadi hospitali ya bondeni hapakuwa na mahali pa kuweka hata meza, isipokuwa mahali pamoja: uwazi ulioungua msimu uliopita, wenye majani ya rangi ya kutu, katikati ya njia. Frasia alikuwa ameuona kwa mbali pale mshale ulipotetemeka.

Hakuujua mtetemeko ule. Ulikuwa ukishuka, unajivuta, unarudi juu, kama mtu anayesinzia kanisani na kujishtua. Pua ya helikopta ilivutwa kushoto, akairudisha kwa mguu, ikavutwa tena.

"Wewe, umelala?"

Mshale ukajivuta tena.

"Kastori," akasema. Katika miaka sita hakuwahi kumwita kwa jina. "Usinitanie. Ni kweli?"

"Ni kweli, Frasia."

Jina lake kinywani mwa mtu yule lilimshukia kama maji ya barafu. Utani ulikuwa umekwisha, na ulipokwisha akaiona asubuhi yote upya. Kabla hawajaruka mara ya kwanza rubani wa akiba, wa dharura tu, alikuwako Songea mjini, wa kuletwa uwanjani kwa pikipiki. Yudita angechelewa kidogo na labda angestahimili. Kastori alisema, akasema tena, na mara zote mbili yeye alijibu kwa panya.

Mkono wake ulikuwa umepunguza mwendo bila kumuuliza. Lukresia akalihisi hilo kutoka nyuma.

"Dada, usipunguze. Nikitoa mkono huu hana dakika."

Kwenye kila helikopta palikuwa na wenzo mwekundu wa kukata. Kastori akiuvuta wake, kitovu kingeachia, naye angezima injini na kudondoka taratibu urefu wa mkaratusi mmoja tu, mapanga yakizungushwa na upepo wa kushuka, bila msokoto wowote, kwa maana injini iliyozimwa haigombani na mtu. Angeumia mguu labda. Ng'ambo ya seng'enge palikuwa na madaktari. Frasia naye ingembidi azime yake na ateremke vivyo hivyo, na mahali pa kuteremkia palikuwa hapo mbele, penye rangi ya kutu. Angefika salama. Alikuwa amefunzwa, na alikuwa mzuri. Lakini kunyanyuka tena angehitaji mtu wa kushikia, na hata yule wa akiba asingefika kwa wakati. Yudita angefia kwenye majani, huku Lukresia akiwa bado amekandamiza.

"Kata," Frasia akasema. "Niko karibu na uwazi. Kata, mimi nitashuka."

"Na mama?"

Frasia aligeuza kichwa akautazama mkono wa Lukresia.

"Anaendeleaje?" Kastori akauliza tena. Alikuwa anavuta pumzi kati ya maneno.

"Anavuja."

"Basi twende. Hospitali yangu iko chini ya miguu, naliona paa lake. Nitaingia ukishatua."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Waswahili walisema, na hawakuwa wanajua helikopta. Frasia aliushika usukani wake mwepesi, usiosumbua, uliokuwa mwepesi kwa sababu uzito wake mwingine wote ulikuwa mikononi mwa mtu mgonjwa huko Songea. Angeweza kumshusha kwa nguvu. Wenzo mwekundu ulikuwa kwake pia, karibu na kiwiko. Angeuvuta, Kastori asingekuwa na la kusema, angeshushwa kama mtoto anayekataa kwenda kulala, angelaumu, angetukana, angeishi. Na nyuma ya kiti palikuwa na mwanamke ambaye hakuombwa maoni na yeyote, aliyekuwa akiuliza kwa sauti ndogo kama mtoto amepewa maji ya uvuguvugu.

Uwazi ulifika, ukapita chini ya mguu wake wa kushoto, ukabaki nyuma. Baada ya hapo ilikuwa misitu mitupu. Frasia alikuwa amechagua, na alijua amechagua, na hakuna aliyemlazimisha.

"Nitukane, mtani," Kastori akasema. "Ukinyamaza nasikia usingizi."

Akamtukana. Alianza na panya, akamaliza panya wote wa Ruvuma, wa mashambani na wa ghalani. Akahamia kwa mababu zake waliotoka kusini kwa mguu, akasema walikuwa hawahami, walikuwa wamepotea, na mpaka leo wanaona haya kuuliza njia. Akasema Mngoni akiona kioo anakisalimia. Akasema sauti yake ni mbaya, ya debe lililokanyagwa na ng'ombe, na kwamba miaka sita ameisikiliza kwa kukosa pesa ya kununua redio nyingine. Machozi yalikuwa yakimwingia mdomoni. Matusi ya utani yalipokwisha akachukua ya bibi yake, ya Kihehe cha zamani, ambayo nusu yake hakujua maana. Lukresia nyuma alikuwa amekoma kushangaa. Hapo mwanzo Kastori alijibu kwa kicheko, kisha kwa kuguna, kisha kwa kubofya kitufe cha redio mara moja kila tusi lilipokwisha, kuonyesha kwamba limefika. Kisha hata kubofya kukakoma.

Ulibaki mshale. Ulikuwa ukitetemeka lakini haukuanguka. Kila Frasia alipopindisha kufuata bonde, ulipinda naye, ukichelewa kidogo, ukifika.

Uwanja wa hospitali ya bondeni ukatokea, watu wakiwa wamesimama pembeni na machela. Akaiweka helikopta juu ya duara la chokaa.

"Tatu," akasema.

"Mbili."

Hedfoni zilivuma tu. Frasia hakuisema moja, haikuwa yake. Alianza kushusha, akiutazama mshale na kuogopa kuutazama. Mshale ukashuka pamoja naye, polepole, sawasawa, bila kutikisika hata mara moja, mpaka magurudumu yakagusa chokaa na ukalala kwenye sifuri.

Yudita aliishi. Aliongezwa damu ya watu watatu, na siku ya pili akadai mtoto wake na uji wenye limau.

Habari za Songea Frasia alizipata kwa simu, kutoka kwa mtu wa ofisini mwenye sauti ya taratibu. Helikopta ya Kastori ilitua vizuri mno, mafundi wakadhani amekaa ndani akimalizia kazi zake. Walipomfungulia mlango mkono wake ulikuwa bado kwenye wenzo, ule wa kushushia. Ule mwekundu haukuwa umeguswa. Mtu wa ofisini alisema uchunguzi wa awali haukuona hitilafu yoyote, kitovu kilifanya kazi kama kilivyokusudiwa. Alilisema hilo kama pole. Frasia akamwambia ni kweli, kilifanya kazi, akakata simu.

Wiki ile alikaa kituoni peke yake. Helikopta ilisimama nje ikilowa, maana ile ya Kastori ilizuiwa kwa uchunguzi, na kitovu kisicho na mwenzake ni sufuria isiyopikika. Asubuhi aliamka kwa mazoea, akavaa hedfoni, akasikiliza uvumi. Kilichomtafuna si kwamba alipita ule uwazi. Hilo angelifanya tena, na kwa kulijua alijichukia kiasi. Kilichomtafuna ni panya. Alijiuliza kama Kastori alikuwa anamwonya kwa utani, au anamficha kwa utani. Mtani ana ruhusa ya kusema kweli bila kulazimika kuaminiwa. Ni ruhusa nzuri mpaka siku ya kuihitaji.

Siku ya maziko alisafiri kwenda Songea, safari aliyoiahirisha miaka sita, akaulizia njia ya kijijini kwao Kastori. Watu walimwangalia. Dada yake Kastori, Hyasinta, mwanamke mnene mwenye khanga mbili kiunoni, akamjia na kusimama mbele yake.

"Wewe ndiye Mhehe."

"Ndiye mimi. Poleni sana, dada."

"Alisema ukija tusikuache ulie. Alisema kulia hujui, unajua matusi."

Frasia akamwambia pale pale, kabla hajakosa ujasiri, kwamba Kastori alimweleza habari za kifua, mara mbili, na yeye akacheka.

Hyasinta alikaza khanga yake kiunoni. "Na sisi alituambia, mezani, akiwa na mfupa mkononi," akasema. "Tulicheka wote. Angetaka tuamini, angejua namna ya kusema."

Frasia hakujua kama hiyo ni faraja au ni tusi la mwisho la Kastori.

Jeneza lilipofika kaburini watu wakatulia, na kutulia kule kulikuwa na macho. Walikuwa wanamsubiri mtani. Msiba bila mtani unaonekana haujakamilika, na pale hapakuwa na Mhehe mwingine. Frasia akavua viatu. Akashuka ndani ya kaburi kwa msaada wa vijana wawili, akalala chali kwenye udongo mwekundu, uliokuwa baridi na wenye harufu ya mizizi. Juu aliona kipande cha mbingu chenye pembe nne na nyuso zikichungulia.

"Toka, Mhehe," Hyasinta akasema kwa sauti ya desturi. "Utapewa kuku."

"Sitoki. Huyu mtumwa wangu hajaniomba ruhusa ya kutua."

Wakacheka. Kicheko kilipita juu ya kaburi, cha watu waliokuwa wamelia tangu msiba ulipoingia na waliohitaji kucheka. Wakamwongezea kuku wa pili. Akasema Wangoni kuku wao wamekonda, panya wanawapokonya chakula. Wakacheka zaidi, mzee mmoja akajifuta macho kwa kofia.

"Basi unataka nini?" Hyasinta akauliza.

Frasia alikuwa amejiandaa njia nzima. Alikuwa na matusi ya kutosha mpaka jioni. Lakini pale chini, mgongo ukiwa mahali ambapo mgongo wa Kastori ungekaa, yote yalimtoka. Hawakuwahi kuwa karibu hivi.

"Tatu," akasema.

Kicheko kikapungua.

"Mbili."

Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyejua kwamba anapaswa kujibu. Wale vijana wawili wakatazamana, na Hyasinta akaweka mkono mdomoni, akiwa ameanza kuelewa kwamba huu haukuwa utani, au ulikuwa utani wa watu wawili tu. Frasia akasubiri. Alisubiri kupita adabu ya msiba, macho yakiwa kwenye kile kipande cha mbingu ambacho hakikuwa na kitu ndani yake.

"Moja," akasema mwenyewe, akanyoosha mkono avutwe juu, akawaachia nafasi wamshushe Kastori.